Karen Blixen na Mto Usiokwenda Mombasa

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara ya Mombasa huuvuka Mto Athi katika mji wa Athi River bila hata kuutupia jicho. Macho yake huvutwa na viwanda vya saruji na msururu wa malori. Mimi nilikulia karibu na daraja hilo, na kwa miaka mingi mto ule ulikuwa kwangu mahali pa kuchota mchanga na kuoshea magari, basi. Ilinibidi kufika darasa la isimu historia chuoni ndipo nikatambua kwamba mto huo ndio ulioipa jina jamii ya lugha tunayoisoma. Maji yapitayo chini ya daraja lile hushuka Ukambani, huambaa nyanda za juu za Yatta, hukutana na Mto Tsavo na kuitwa Galana, kisha huitwa Sabaki yanapokaribia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993, wanakiweka Kiswahili pamoja na Kimijikenda, Kipokomo, Kiilwana na Kikomoro katika kundi moja liitwalo Sabaki.

Makala haya yanaufuata mto huo kuelekea upande wa pili, juu, kwenye vijito vya Ngong. Huko mto huitwa Mbagathi, na huko ndiko alikoishi Karen Blixen, mwandishi wa Kidenmaki ambaye ulimwengu unamfahamu zaidi kwa filamu iliyotengenezwa kutokana na maisha yake. Lengo letu ni kuyasimulia maisha hayo kwa muhtasari, na kusimama kwa muda mahali pamoja ambapo wasomi wa fasihi ya Kiingereza hupapita haraka: siku alipotunga mashairi ya Kiswahili katika shamba la mahindi.

Karen Christentze Dinesen alizaliwa tarehe 17 Aprili 1885 katika nyumba ya Rungstedlund, kando ya bahari kaskazini mwa Copenhagen. Baba yake, Wilhelm Dinesen, alikuwa mwanajeshi, mwindaji na mwandishi aliyewahi kuishi katika misitu ya Amerika Kaskazini. Alijinyonga mwaka 1895, binti yake akiwa na umri wa miaka tisa. Karen alilelewa na mama, nyanya na shangazi waliokuwa wacha Mungu na wenye pesa. Alisomea uchoraji na kuchapisha hadithi chache kwa jina la kubuni ambazo hazikumpa sifa yoyote. Alimpenda Hans Blixen-Finecke, jamaa yake wa mbali kutoka Uswidi, lakini Hans hakumpenda. Mwaka 1912 akachumbiwa na Bror, pacha wa Hans. Wasomaji waliozoea tamthilia zetu za mapenzi wataona mara moja kwamba ndoa ya namna hiyo ina kasoro tangu mwanzo.

Wawili hao waliafikiana kuhamia Afrika Mashariki ya Kiingereza. Bror alitangulia. Fedha za ukoo wa Karen zilikuwa zimetengwa kwa ajili ya ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, lakini Bror, bila kumwuliza mtu, akanunua shamba la kahawa. Karen aliwasili Mombasa Januari 1914, wakaoana huko huko tarehe 14 ya mwezi huo, kisha wakapanda gari moshi kwenda bara. Reli hiyo inapita Athi River. Kwa hiyo mara ya kwanza alipouona mto aliokuja kuishi kandokando yake aliuona pale kwetu, kwenye mbuga iliyokuwa bado imejaa nyumbu na punda milia.

Nyumba yao ya kwanza iliitwa kwa jina la mto wenyewe, Mbagathi. Walikaa humo hadi mwaka 1917 walipohamia nyumba kubwa zaidi ya mawe, Mbogani, ambayo Mswidi mmoja aliijenga mwaka 1912. Shamba lilikuwa la takriban ekari 6,000, na kati ya hizo 600 hivi zilipandwa mibuni. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa msitu, malisho na vishamba vya Wagikuyu. Ng'ambo ya mto ilianza hifadhi ya Wamaasai, nao mto ndio uliokuwa mpaka.

Hapa pana jambo lisilopaswa kufunikwa na uzuri wa mandhari. Wagikuyu walioishi shambani humo waliitwa maskwota, neno linalomaanisha watu wanaokaa katika ardhi isiyo yao. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1918 iliwataka wafanye kazi siku 180 kwa mwaka kwa mwenye shamba ili waruhusiwe kulima na kufuga. Wengi wao walizaliwa pale, au wazazi wao walikuwa pale kabla ya hatimiliki yoyote kuandikwa. Karen Blixen mwenyewe alilitambua hilo na akaliandika waziwazi, kwamba kwa mtazamo wa Wagikuyu yeye ndiye aliyekuwa mgeni. Kulitambua kulimfanya awe mkarimu kuliko majirani zake wengi, lakini kodi ya siku 180 iliendelea kulipwa.

Maisha ya ndoa yaliharibika upesi. Katika mwaka wa kwanza aligunduliwa kuwa na kaswende, ambayo inaaminika aliambukizwa na mumewe, na mwaka 1915 akalazimika kurudi Denmark kutibiwa. Vita Kuu ya Kwanza vilipozuka aliongoza mwenyewe magari ya maksai yaliyopeleka mahitaji ya jeshi mpakani. Mwaka 1921 alitengana na Bror na kukabidhiwa usimamizi wa shamba, na talaka ikatoka mwaka 1925. Wakati huo alikuwa amekwisha kumfahamu Denys Finch Hatton, Mwingereza mwindaji mwenye elimu ya Oxford, waliyekutana mwaka 1918. Kila Denys aliporejea kutoka safari zake alifikia Mbogani, na usiku Karen alimtambia hadithi. Wanaofundisha fasihi simulizi wangependa kufahamu kwamba hadithi alizokuja kuchapisha baadaye zilianzia hapo, mdomoni, mbele ya msikilizaji mmoja.

Msaidizi wake mkuu alikuwa Farah Aden, Msomali aliyempokea alipofika nchini na kumsindikiza alipoondoka. Mpishi wake alikuwa Kamante Gatura, kijana wa Kigikuyu aliyeletwa kwake akiwa mtoto mwenye vidonda miguuni, akatibiwa hospitali ya misheni. Kamante aliishi hadi mwaka 1985, na masimulizi yake mwenyewe yalichapishwa mwaka 1975, hivyo tunabahatika kuwa na upande wa pili wa hadithi, japo umepita mikononi mwa mhariri mgeni.

Ama lugha iliyotumika kati ya watu hawa wote, Mdenmaki, Msomali, Wagikuyu na Wamaasai waliovuka mto, ilikuwa Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha masetla, kile ambacho wataalamu hukiita Kisetla: viambishi vya nafsi vimedondoka, ngeli zimechanganywa, na sehemu kubwa ya vitenzi iko katika hali ya kuamuru. Haifai kumcheka. Kiswahili sanifu chenyewe kilikuwa bado kinatafuta kiti. Mkutano wa Mombasa ulioteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji ulifanyika mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, mwaka mmoja tu kabla ya Blixen kuondoka nchini.

Sasa tufike shambani. Katika kitabu chake cha kumbukumbu anaeleza jinsi jioni moja, wakati wa kuvuna mahindi, alivyoanza kuwatungia vijana wa Kigikuyu vipande vya mashairi kwa Kiswahili, kwa kujifurahisha. Vipande hivyo havikuwa na maana yoyote ya kushikamana. Kilichotakiwa ni kina tu. Jina la mnyama na jina la kiungo cha jikoni yamepindwa sauti yote mawili ili yapatane. Kipande kimoja kinawatukana wanawake, na kingine kinawadhihaki Wakamba kwa chakula wanachodaiwa kula. Mimi ni Mkamba, na nakiri kwamba mara ya kwanza nilipokisoma nilifunga kitabu. Nilipokifungua tena niliona kwamba mtungaji alijali sauti kuliko Wakamba, na pengine hilo ndilo kosa lake kubwa zaidi.

Vijana walimzunguka. Wakawa wanakingoja kina, na kilipofika wakacheka. Akawajaribu, akaanza ubeti ili wao waumalize. Hawakuweza, au hawakutaka, anasema, wakageuza nyuso pembeni. Hata hivyo walipozoea walimwomba aendelee, wakilinganisha usemi ule na mvua. Yeye akadhani walimaanisha sifa, kwa kuwa mvua hutamaniwa daima katika nchi ile.

Kutokana na kisa hicho Blixen alihitimisha kwamba wenyeji wana mdundo lakini hawaujui ushairi. Wachambuzi wengi wamelikariri jambo hilo kama ushahidi wa jinsi alivyowapenda watu wa shambani. Kwa mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hoja hiyo haiwezi kupita bila kupingwa, nayo inapingika kwa njia mbili.

Kwanza, lugha aliyoitumia ilikuwa na vina karne nyingi kabla yake. Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ilikuwa na umri wa miaka mia moja hivi, na Muyaka bin Haji alikuwa amekwisha kuuteka uwanja wa Mombasa kwa mashairi yake kabla ya kufariki mwaka 1840. Mto uliopita mbele ya shamba la mahindi uliishia katika pwani ya watunzi hao. Blixen alikuwa na chombo chenye nyuzi zote, naye akadhani ni yeye anayekipiga kwa mara ya kwanza. Sidhani alikusudia ubaya. Kisetla hakikuwa na mlango wa kuingilia katika ushairi wa pwani, na masetla walikichukua Kiswahili kama lugha ya jikoni na shambani.

Pili, vijana wale hawakuwa watu wasio na ushairi. Wagikuyu walikuwa na gĩcaandĩ, ushairi wa kujibizana unaotambwa kwa kibuyu kilichochorwa alama, ambapo mtambaji mmoja hufumba na mwenzake hufumbua. Kimani Njogu, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu ushairi kama majibizano, ameuweka utanzu huo bega kwa bega na ushairi wa Kiswahili. Watu waliolelewa katika jamii ya gĩcaandĩ walijua vyema maana ya kumalizia usemi wa mwingine. Basi kwa nini waligeuza nyuso? Jibu langu ni kwamba majibizano huhitaji watu walio sawa. Aliyeanzisha ubeti jioni ile ndiye aliyekuwa akizihesabu siku zao 180. Anayemjibu mwajiri wake kwa mzaha hujiweka hatarini, ilhali kucheka na kuomba zaidi hakumgharimu kitu. Nimewahi kulieleza wazo hili katika semina moja na kuambiwa kwamba nalazimisha siasa katika mchezo wa watoto. Huenda. Hata hivyo, Blixen mwenyewe aliandika kwamba hawakuweza au hawakutaka, na neno hilo la pili wahakiki wamelisahau.

Kahawa haikufaulu. Shamba lilikuwa mahali pa juu mno na penye baridi, mvua hazikutosha, na mwaka 1923 kiwanda cha kahawa kiliteketea kwa moto. Bei zilipoanguka mwishoni mwa miaka ya 1920 wenye hisa, ambao ni jamaa zake wa Denmark, walichoka kutia fedha. Mwaka 1931 shamba likauzwa kwa mfanyabiashara aliyenuia kulikatakata viwanja. Tarehe 14 Mei mwaka huo huo ndege ya Denys Finch Hatton ilianguka Voi na kumwua pamoja na mtumishi wake. Karen alimzika kwenye vilima vya Ngong.

Kilichomshughulisha katika miezi yake ya mwisho ni maskwota. Sheria iliwataka waondoke, kila familia ikatafute mahali pake. Wao walimwomba jambo moja, wasitawanywe. Alizunguka katika ofisi za serikali, akabisha hodi hadi kwa gavana, mpaka wakapewa sehemu ya msitu wa Dagoretti wakae pamoja. Nadhani hili ndilo tendo lake zuri kuliko yote nchini Kenya. Linaonyesha pia kipimo cha hali yenyewe: kwamba watu kubaki pamoja katika nchi ya babu zao lilikuwa jambo la kuombewa na mgeni aliyefilisika.

Aliondoka mwaka 1931 akiwa na umri wa miaka 46, hana mume, hana mtoto, hana shamba. Hakurudi tena. Huko Rungstedlund aliandika kwa Kiingereza hadithi zilizochapishwa Marekani mwaka 1934 kwa jina la Isak Dinesen, na mwaka 1937 kikatoka kitabu chake kuhusu shamba la Ngong, ambacho kwa Kiingereza huitwa Out of Africa. Alitajwa mara kwa mara miongoni mwa waliostahili Tuzo ya Nobeli, na hakuipata. Alifariki tarehe 7 Septemba 1962, mwaka mmoja na ushei kabla ya uhuru wa Kenya, akazikwa chini ya mti katika bustani ya nyumbani kwao. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alimhukumu vikali kwa jinsi anavyowafananisha Waafrika na wanyama. Hukumu hiyo ina ushahidi wa kutosha katika kurasa zenyewe.

Filamu ilifuata mwaka 1985. Mwongozaji alikuwa Sydney Pollack, Meryl Streep akaigiza kama Karen na Robert Redford kama Denys. Mwaka 1986 ilitwaa Tuzo saba za Oscar, ikiwemo ya filamu bora. Ilipigwa hapa hapa nchini, na inafaa kueleza mahali, kwa kuwa watalii wengi hukosea. Nyumba ionekanayo kwenye filamu si ile ya Mbogani ambayo leo ni jumba la makumbusho. Ni nyumba ya kwanza, ile ya Mbagathi, iliyokuja kuwa mahali pa kufugia ng'ombe wa maziwa. Mji wa Nairobi wa mwaka 1914 ulijengwa upya kwa mbao na mabati, maana Nairobi yenyewe ilikuwa imekwisha kupoteza sura hiyo. Mandhari ya wanyama ilitafutwa Maasai Mara na Shaba. Simba waliofunzwa waliletwa kutoka California, jambo linalochekesha katika nchi inayowauzia wageni simba kila siku. Farah aliigizwa na Malick Bowens, mzaliwa wa Mali. Makumbusho ya Mbogani, nyumba ambayo Denmark iliikabidhi Kenya kama zawadi ya uhuru, yalifunguliwa mwaka 1986, wageni wakiwa tayari wamekwisha kuanza kuiulizia.

Katika filamu hiyo Karen anazuia maji ya mto kwa ukuta ili apate bwawa, naye Farah anamwonya kwamba maji hayo kwao ni Mombasa. Baadaye, shamba linapoangamia na mvua kubwa inapobomoa ukuta, Karen anayaachilia yaende zake. Watazamaji husisimkwa na tukio hilo. Nililitazama kwa mara ya kwanza kwenye televisheni ya jirani mjini Athi River, na nakumbuka mzee mmoja aliyekuwa dereva wa lori akicheka peke yake. Alikuwa ameifuata barabara ya Mombasa maisha yake yote, na alijua kwamba mto na barabara huachana. Mbagathi huambaa mpaka wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, hupita Athi River, huporomoka katika maporomoko ya Fourteen Falls chini ya Ol Donyo Sabuk, hukata Ukambani na Tsavo Mashariki, na kuingia baharini zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Mombasa.

Mwaka juzi nilikwenda kukusanya data ya tasnifu yangu Mambrui, nikasimama kwenye daraja la Sabaki wakati wa masika. Maji yalikuwa mekundu kama matofali. Wavuvi wa hapo husema kwamba mvua ikinyesha bara siku chache kabla, wao huijua kwa rangi ya bahari ya Malindi, na wana majina mawili tofauti ya maji hayo, moja la siku yanapofika na jingine la siku yanapoanza kutulia. Niliyaandika yote mawili katika daftari.